Chumba Kilichoelekea Barabarani

Katika mwaka wetu wa kwanza wa kuishi pembezoni mwa jiji, binti yetu alifikishwa hospitali mara sita kwa sababu ya pumu, mara nne kati ya hizo zikiwa usiku, na katika safari zote hizo mtu pekee aliyetuuliza tunakaa wapi alikuwa karani wa mapokezi, ambaye alihitaji anwani kwa ajili ya faili. Madaktari waliuliza kuhusu dawa, kuhusu mafua, kuhusu pumu katika ukoo. Walimbana kipimo cha oksijeni kidoleni, wakamvutisha dawa kwa mashine ya mvuke, kisha wakaturudisha nyumbani kabla ya mapambazuko. Sina malalamiko juu yao. Walimtibu mtoto aliyekuwa mbele yao, na walimtibu vizuri. Nyumba tuliyokuwa tukimrudisha haikuwa mbele yao.

Tulikuwa tumehamia huko kwa ajili yake. Katikati ya jiji tulikopanga awali kulikuwa na kelele, moshi na ngazi nyingi, na mimi na mke wangu tuliamini, kama wanavyoamini wengi wanaohama, kwamba hewa huwa safi kadiri mtu anavyojitenga na majengo marefu. Siku ya kuikagua nyumba tulitazama yale ambayo kila mzazi huyatazama: umbali wa shule, ukubwa wa ua, hali ya paa, tabia za majirani. Ilikuwa Jumapili mchana. Nyuma ya ukuta wa mtaa ilipita barabara kuu inayolizunguka jiji, lakini kwa kuwa ilikuwa Jumapili magari yalikuwa machache, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mrefu hatukuyaona hata hayo machache. Miezi mingi baadaye nilihesabu hatua kutoka dirisha la chumba cha binti yetu hadi ukingo wa lami nikapata takriban mita 70. Chumba hicho tulimpa yeye kwa sababu dirisha lake lilikuwa kubwa kuliko yote.

Somo la kwanza, hata hivyo, halikuhusu hewa bali umbali. Zahanati ya karibu ilifungwa saa kumi na moja jioni na haikufunguliwa mwisho wa wiki, na hospitali yenye wodi ya watoto ilikuwa katika jiji lile lile tulilolikimbia, mwendo wa dakika 25 usiku wa manane na zaidi ya saa nzima nyakati za foleni. Usiku wa kwanza tuliondoka tumechelewa, kwa sababu hatukujua kusoma dalili. Tulikuwa tukisikiliza kifua kikilia, na kilipoacha kulia tukafarijika tukidhani mtoto ameanza kupata nafuu. Daktari wa zamu alitueleza, kwa upole ambao naukumbuka hadi leo, kwamba kifua cha mwenye pumu kinaweza kunyamaza kwa sababu hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata kutoa sauti, na kwamba tunachopaswa kutazama ni ngozi inayozama katikati ya mbavu kila anapovuta pumzi, pua zinazotanuka, midomo inayobadilika rangi, na mtoto anayeshindwa kumaliza sentensi moja bila kutua. Tangu usiku huo karatasi yenye dalili hizo ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu, pamoja na namba ya gari la wagonjwa. Pampu ya dawa ya kufungua mirija ya hewa iliwekwa mahali pamoja pasipobadilika, ikiambatana na chupa yake ya plastiki ya kuvutia dawa, maana bila chupa hiyo sehemu kubwa ya dawa huishia mdomoni na kooni badala ya kufika mapafuni.

Sisi angalau tulikuwa na gari. Bibi mmoja aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa ameacha kuendesha kwa kuwa kisukari kilikuwa kimemdhoofisha macho, na kisukari hicho hicho kilikuwa kimeziharibu figo zake, kwa hiyo alitakiwa kwenda jijini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, takriban saa nne kila mara, kwa mabasi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi. Kuna siku nilimkuta kituoni ameketi kwenye ukingo wa barabara kwa kuwa benchi halikuwapo. Miji ya namna hii hupangwa kwa kudhani kwamba kila mkazi ana gari na ana afya ya kuliendesha, ilhali ugonjwa ndio kitu cha kwanza kumnyang'anya mtu usukani. Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi miaka mingi katika kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, aliandika mwaka 1971 katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua pale ambapo mahitaji ya watu ni makubwa zaidi. Niliposoma maneno hayo nilifikiria vijiji na mitaa ya mabanda. Haikunijia kumfikiria yule bibi, kwa sababu mtaa wetu ulikuwa na bustani na nyumba zenye vigae. Ndiyo hila ya wastani: mji ukihesabiwa kwa jumla huonekana una nafuu, na wachache wasio na nafuu hufichwa na majirani zao.

Aliyebadilisha mwelekeo wa mambo alikuwa muuguzi wa kliniki ya pumu, mama wa makamo asiyependa haraka, katika miadi ya kawaida ambayo nilikaribia kuiahirisha kwa sababu mtoto alikuwa mzima wiki hiyo. Kwanza alimtaka binti yetu amwonyeshe anavyovuta dawa, akagundua kwamba alikuwa akivuta kwa pupa na kutoa pumzi papo hapo. Kisha akatuuliza kuhusu dawa ya kinga, ile inayopunguza uvimbe ndani ya mirija na inayotakiwa kutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, nasi tukalazimika kukiri kwamba tulikuwa tukiikatisha kila alipoonekana amepona. Baada ya kuandika hayo aliweka kalamu chini.

"Baba, mtoto analala chumba kipi, na dirisha lake linatazama wapi?"

Nikamjibu kwamba linatazama ukuta.

"Na nyuma ya ukuta?"

Alituomba tuwe na daftari. Kila asubuhi na kila jioni binti yetu apulize kwenye kile kibomba cha kupima nguvu ya pumzi, na pembeni ya namba tuandike hali ya hewa, mahali alipokuwa, kama madirisha yalikuwa wazi, na lolote ambalo pua zetu zimelinusa. Nilimwona kama anayetuongezea kazi, na kwa wiki mbili za mwanzo daftari lilijazwa kwa uvivu. Lakini mtu akiandika kila siku, hata kwa uvivu, karatasi huanza kusema yenyewe. Katika miezi ya baridi namba mbaya zilikusanyika asubuhi, hasa asubuhi tulivu zisizo na upepo ambazo sisi tulizisifu kuwa nzuri. Katika miezi ya joto asubuhi zilikuwa salama, na namba mbaya zilihamia alasiri za jua kali, siku ambazo anga lilikuwa la buluu bila doa.

Mkondo wa kwanza niliuelewa bila shida nyingi. Usiku wa baridi na utulivu ardhi hupoteza joto, hewa iliyoigusa hupoa, na juu yake hulala tabaka la hewa yenye joto zaidi kama mfuniko juu ya sufuria, kwa hiyo moshi wa malori ya alfajiri haupandi juu bali huenea chini chini, mpaka jua lipashe ardhi na mfuniko ufunguke. Hatari kubwa ndani ya moshi huo haionekani: ni chembechembe zenye upana wa mikromita 2.5 au pungufu, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, ambazo hupita vizuizi vya pua na koo na kufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine ndogo zaidi huingia hata kwenye damu. Mchana uchafu unaotoka barabara kuu hupungua haraka katika mita mia chache za kwanza, lakini kabla ya jua kuchomoza, mfuniko ukiwa bado umefungwa, huweza kusambaa mbali zaidi ya hapo. Sisi tulikuwa mita 70, na mke wangu alikuwa na desturi ya kufungua madirisha yote saa kumi na mbili asubuhi ili nyumba ipate hewa safi.

Mkondo wa pili ulinisumbua, na ndio ulioniondolea imani niliyohama nayo. Ozoni ya karibu na ardhi haitoki kwenye bomba lolote la moshi. Hutengenezwa hewani pale oksidi za nitrojeni zinazotokana na uchomaji wa mafuta zinapokutana na mvuke wa petroli, rangi na vimumunyisho vingine chini ya mwanga mkali wa jua. Utengenezaji huo huchukua saa kadhaa, na katika saa hizo upepo huwa umeyabeba malighafi yake kutoka katikati ya jiji kuelekea pembezoni. Zaidi ya hapo, moshi mbichi wa magari una oksidi ya nitriki, ambayo huila ozoni iliyo karibu nayo, ndiyo maana katikati ya jiji lenye magari mengi kiwango cha ozoni mara nyingi huwa chini kuliko katika mitaa yenye bustani iliyo upande ambako upepo unaelekea. Nilisoma maelezo hayo mara tatu. Jiji lilikuwa limetufuata kwa upepo, likafika alasiri, wakati watoto wanatoka shule na kucheza nje. Ozoni hukera mirija ya hewa ya mtu yeyote, na kwa mwenye pumu mirija hiyo tayari imevimba.

Katika kipindi hicho, mwezi Desemba 2020, mchunguzi wa vifo jijini London alitoa uamuzi kuhusu Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto aliyefariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9, ambaye aliishi kusini mashariki mwa jiji hilo karibu na barabara yenye msongamano mkubwa. Uamuzi ulitaja uchafuzi wa hewa kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia kifo chake, sambamba na pumu kali, na ulieleza pia kwamba mama yake hakuwa amepewa taarifa kuhusu hatari ya hewa hiyo, na kwamba angepewa, angechukua hatua ambazo pengine zingemwokoa mtoto. Mke wangu aliisoma habari hiyo jikoni, akaiweka simu mezani kifudifudi, na hatukuizungumzia mpaka siku iliyofuata. Alichosema siku hiyo ni kwamba sisi tumepewa taarifa kwa sababu tu muuguzi mmoja ana tabia ya kuuliza kuhusu madirisha.

Tulichofanya nyumbani ni kidogo na hakikuhitaji ujuzi. Binti yetu alihamishiwa chumba cha nyuma, kidogo na chenye giza kuliko kile cha kwanza, na alinuna kwa wiki moja. Miezi ya baridi tulifungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi, mfuniko ukishafunguka. Miezi ya joto tuliyafungua mapema na kuyafunga mchana. Njia ya kwenda shule kwa miguu tuliibadilisha ipite mtaa wa ndani badala ya kando ya barabara kuu, na hilo liliongeza dakika sita. Daftari lilitulazimisha pia tujitazame sisi wenyewe, kwa kuwa kulikuwa na siku mbaya ambazo barabara haikuhusika. Nyuma ya kabati katika kile chumba cha mbele tulikuta ukuta umeota ukungu mweusi kwa sababu ya unyevu, na jikoni jiko letu la gesi lilikuwa halina bomba wala feni ya kutoa hewa nje, ilhali mwali wa gesi hutoa naitrojeni dioksidi, gesi ile ile tuliyokuwa tukiilaumu kwa magari. Nilikuwa nimejiandaa kumshitaki kila mwenye lori kabla ya kutazama nyuma ya kabati langu.

Mwaka wa pili alifika hospitali usiku mara moja tu. Napenda kusema kwamba chumba ndicho kilichomponya, na nimewahi kusema hivyo mbele ya wageni, lakini ukweli ni kwamba mwaka huo huo alianza kuvuta dawa ya kinga kila siku na kwa namna sahihi, na pia alikuwa amekua kwa mwaka mmoja. Sina njia ya kutenganisha kilichotokana na dawa, kilichotokana na dirisha na kilichotokana na umri.

Hamaki yangu ilihamia kwenye halmashauri. Nilinunua kipima hewa kidogo cha nyumbani, nikakifunga kwenye dirisha la kile chumba kilichoachwa, na kwa miezi miwili nikanakili namba zake kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha kwa daftari la pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepunguza kiwango elekezi cha wastani wa mwaka wa zile chembechembe laini kutoka mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo, kilichowekwa mwaka 2005, hadi mikrogramu 5, na kile cha saa 24 kutoka 25 hadi 15. Namba zangu za alfajiri zilizidi viwango hivyo mara nyingi mno. Nilichapisha grafu kubwa, nikaomba nafasi katika kikao cha barabara kilichokuwa wazi kwa wananchi, nikasimama kwa ujasiri wa mtu anayejua.

Mhandisi mmoja kijana wa halmashauri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza asubuhi zile tatu zenye namba za juu kabisa zilikuwaje. Nikasema zilikuwa na ukungu. Akaeleza, bila kunidhihaki, kwamba vipima vya aina yangu hurusha mwanga na kuhesabu chembe kwa jinsi zinavyoutawanya, kwa hiyo unyevu ukiwa mwingi matone ya maji na chembe zilizovimba kwa maji huhesabiwa kama vumbi na masizi, na ndiyo sababu namba huweza kupanda sana siku ambayo hewa si chafu kwa kiasi hicho. Tena, nilikuwa nimelinganisha kilele cha saa moja na wastani wa siku nzima, na wastani wa miezi miwili na kiwango cha mwaka. Kikao kiliendelea na ajenda nyingine. Nilirudi nyumbani nimefadhaika, na kwa siku kadhaa nilimchukia yule kijana kwa kuwa na haki.

Wiki chache baadaye nilimwandikia kuomba msaada. Alinishauri niweke pia kipimo cha unyevu na kuziacha kando asubuhi zenye ukungu, nilinganishe kipima changu na kituo rasmi cha jijini kwa wiki kadhaa kabla ya kukiamini, nirekodi uelekeo wa upepo, na nisubiri mwaka mzima. Nilisubiri. Namba zilizosalia baada ya kuchujwa zilikuwa za chini kuliko zile za grafu yangu ya kwanza, na bado zilikuwa juu ya kiwango elekezi, jambo ambalo si la ajabu kwa kuwa Shirika hilo hilo linasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa inayozidi viwango vyake. Jambo hilo la mwisho lilinipa shida ya aina nyingine, maana likitajwa kikaoni mtu hunyanyua mabega na kusema basi sote ni sawa. Hatuko sawa. Kati ya mita 70 na mita 400 kutoka barabarani kulikuwa na tofauti niliyoweza kuionyesha asubuhi baada ya asubuhi, na ndani ya mita hizo 70 kulikuwa na shule ya awali, nyumba ya kulelea wazee na mtaa wetu.

Safari ya pili nilikuwa na maneno machache na maombi madogo: injini zizimwe kwenye lango la shule, basi lipitie zahanati, zahanati ifunguliwe jioni angalau siku mbili kwa wiki, na malori yazuiliwe alfajiri. Diwani mmoja alitaka mfano wa mahali ambapo kupunguza magari kulipunguza ugonjwa, nami nikautoa niliokuwa nao tayari. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 msongamano wa asubuhi ulipunguzwa kwa siku 17, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulieleza kwamba vilele vya ozoni vilishuka kwa takriban asilimia 28 na matibabu ya dharura ya pumu kwa watoto waliokuwa katika bima ya umma yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Ulipokelewa kwa kutikisa vichwa vya kukubali. Sikutaja, kwa kuwa wakati huo sikujua, kwamba uchambuzi wa baadaye uliotumia kumbukumbu za hospitali nyingi zaidi haukuona upungufu huo waziwazi, na kwamba ozoni ilishuka siku hizo hata katika miji mingine ya ukanda huo ambayo haikuandaa michezo yoyote. Nilipogundua hilo nilimwandikia diwani barua ya kusahihisha. Mke wangu aliniuliza kama nina wazimu. Labda, lakini nilikuwa nimeshapata somo la ukungu na sikutaka la pili.

Kibao cha kuzima injini kiliwekwa langoni mwa shule katika muda wa mwezi mmoja, kwa kuwa hakimuudhi mtu. Basi lilibadilishwa njia baada ya mwaka na nusu. Zahanati ilianza kufunguliwa Jumanne na Alhamisi hadi saa mbili usiku, na kwa maoni yangu hatua hiyo iliwasaidia watu wengi kuliko mengine yote, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na hewa. Wazazi waliokuwa wakisubiri kikohozi kiwe kikubwa ndipo waombe ruhusa kazini sasa waliweza kufika kikiwa bado kidogo. Malori yalikataliwa papo hapo: barabara kuu haikuwa chini ya halmashauri. Na hapo ndipo nilipoona kwamba katika vikao vyote vya barabara nilivyohudhuria hapakuwahi kuwa na mtu mmoja wa idara ya afya, na katika mkutano mmoja wa zahanati niliohudhuria hapakuwa na mtu wa barabara wala wa mazingira. Ofisi zao zilikuwa jengo moja, ghorofa mbili tofauti.

Kuhusu miti nilitofautiana na majirani zangu. Walitaka ipandwe mistari miwili ya miti mirefu nyuma ya ukuta, wakiamini kwamba majani yangechuja moshi. Majani hunasa chembe kiasi, lakini kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na katika mtaa mwembamba matawi yakikutana juu yanaweza hata kuuzuia moshi usiondoke; uzio mnene wa vichaka ulio karibu na lami husaidia zaidi. Hata hivyo nilipiga kura ya kuunga mkono miti, kwa sababu nyingine kabisa. Baba mkwe wangu alikuwa amelazwa siku tisa katika hospitali ndogo ya pembezoni, kwenye chumba kilichotazama maegesho ya magari, na malalamiko yake hayakuwa kuhusu maumivu bali kuhusu kutokuwa na cha kutazama. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 katika jarida la Science matokeo ya hospitali moja ya pembezoni huko Pennsylvania: wagonjwa 23 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo na kuwekwa vyumba vilivyotazama miti walikaa wodini muda mfupi kidogo na kuhitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mdogo, na sipendi kuubebesha mzigo usio wake. Lakini mti haulazimiki kuwa chujio ndipo ustahili kupandwa, na kivuli pekee kwenye kile kituo cha basi kingemfaa yule bibi mara sita kwa wiki.

Kelele nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa tulizizoea haraka kuliko tulivyopaswa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya wa mwaka 2018 unapendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45 kwa wastani, na unazihusisha kelele zinazozidi hapo na usingizi uliovurugika. Chumba cha nyuma kilikuwa na utulivu zaidi, kwa hiyo huenda binti yetu alikuwa pia akilala vizuri, na huenda hilo nalo limo katika ule mwaka wa pili ambao sina uwezo wa kuutenganisha.

Yule muuguzi alistaafu. Aliyechukua nafasi yake alitupokea kwa fomu mpya iliyochapishwa na kliniki, na katikati ya maswali ya mafua, wanyama wa nyumbani na uvutaji wa sigara kulikuwa na mstari mmoja uliouliza umbali wa nyumba kutoka barabara kuu na uelekeo wa chumba cha kulala. Sikuuliza nani aliuweka.

Mwezi uliopita binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na anajibeba mwenyewe pampu yake, aliomba arudishiwe chumba cha mbele. Alisema chumba cha nyuma ni cha mtoto, na kwamba yeye sasa anajua saa za kufunga dirisha kuliko sisi. Mama yake alikataa kabla hajamaliza. Mimi nilimletea daftari la zamani, nikamwambia alisome kwanza. Alilisoma usiku huo huo, akarudi asubuhi akiwa ameandika kwa penseli pembeni mwa kurasa kadhaa kwamba siku hizo alikuwa amesahau dawa ya kinga na hakutuambia. Kisha akafungua ukurasa mtupu, akaandika tarehe, akapuliza kile kibomba mara tatu, na kuuliza kipima hewa kimewekwa wapi, kwa kuwa anataka kukifunga kwenye dirisha la mbele kwa mwaka mzima kabla ya kuzungumza nasi tena.